Glasi Nane Katika Nchi ya Tayari

Ipo nchi inayoitwa Tayari. Anayetaka kubisha na abishe, lakini kwanza amsikilize Eufrasia Komba, fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na nane, mtu wa sala asiyejua kutia chumvi katika maneno. Yeye alifika huko. Njia aliyoipita si habari. Habari ni kilichomtoa nyumbani kwake, na alichokikuta.

Kilichomtoa ni simu. Mdogo wake wa tumbo moja, Apolonia, aliolewa Tayari miaka kumi na mmoja iliyopita, na mumewe alipofariki akabaki huko huko. Kila Jumapili Eufrasia akitoka kanisani alimpigia, na Apolonia alipokea na kusema, "Sijambo, dada. Naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Na wewe je?" Sauti ilikuwa yake, na kile kicheko chake kidogo cha mwishoni kilikuwa chake. Miezi saba alisema maneno hayo hayo. Eufrasia hakushuku kitu, kwa kuwa watu wazima wakipigiana simu husema maneno hayo hayo. Lakini Jumapili moja alimwambia, huku machozi yakimtoka, kwamba shangazi yao aliyewalea amefariki alfajiri ile. Simu ikasema, "Vizuri sana, dada. Nafurahi kusikia." Kicheko kidogo kikafuata.

Eufrasia alikata simu. Akafunika cherehani, akapiga magoti, akaomba jambo moja tu, kwamba Bwana amfikishe akamwone mdogo wake kwa macho yake mwenyewe. Kesho yake asubuhi alikuwa amekwisha ondoka.

Mpakani mwa Tayari pana jumba jeupe, na juu ya mlango pameandikwa: SIMU YAKO INAWEZA ZAIDI. Ndani alipokewa na Mkaguzi, Bwana Timiza, mtu nadhifu wa makamo aliyevaa kizibao chenye mifuko kumi na minne, na katika kila mfuko kitu kilichofungwa kwa waya kwenye simu iliyoning'inia kifuani pake. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyetembea jangwani.

"Karibu, mama. Naomba simu." Akaipokea kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyopokea kitoto kichanga. "Unaitumia kwa mambo gani?"

"Napiga, napokea. Nasoma Neno la Mungu, kwa sababu nilijifunza kusoma ukubwani, masomo ya jioni, na herufi za kitabuni ni ndogo kwa macho yangu. Humu nazikuza. Na tochi."

"Halafu?"

"Halafu naiweka."

"Anaiweka!" Bwana Timiza aliwageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa huruma. "Mama, kitu hiki kinaweza mambo elfu moja na mia mbili. Wewe unakifanyisha manne. Huoni kwamba unakionea?"

"Sijakisikia kikilalamika."

"Ndiyo maana tupo sisi, kukilalamikia."

Wakaanza kumvika. Simu yake ilitiwa kava gumu na kioo cha kuulinda uso wake. Yeye alitiwa kizibao, pawabanki mbili za kuchajia simu kiunoni, spika ndogo za masikioni, saa ya mkononi ya kuzungumza na simu, taa ya duara ya kumulika uso, stendi ya kukunja, na kijiti kirefu cha kupigia picha ambacho kilimchoma ubavuni kila alipogeuka. Tuseme kweli, si vyote vilimchukiza. Stendi aliipenda; aliwaza kwamba nyumbani ingeshika simu wakati mikono yake ikishona. Kisha wakampakulia programu. Ya Maji, kukumbusha kunywa. Ya Salamu, ya Sala, ya Matembezi, ya Pole. Moja ilikuwa ya kumkumbusha kucheka.

"Nami nitacheka kwa sababu nimekumbushwa?"

"Mama, hutahitaji kujisumbua," alisema Bwana Timiza. "Sasa niambie, umekuja kwa shughuli gani?"

"Kumwona mdogo wangu, Apolonia."

Mkaguzi akaandika. Papo hapo saa ya mkononi ikatetemeka na sauti tamu ikasema masikioni mwake: "Eufrasia amemwona mdogo wake. Tayari."

"Hongera," alisema Bwana Timiza, akampa mkono. "Unaweza kurudi nyumbani."

Eufrasia alidhani ni utani, akatabasamu. Mwenzake hakutabasamu. Alieleza kwa upole kwamba kufanya tena jambo ambalo simu imekwisha kulitimiza ni marudio, na marudio ni kosa katika nchi hii. Hata hivyo mgeni huvumiliwa. Rudio la kwanza husamehewa, la pili huandikwa, la tatu hujibiwa mbele ya Hakimu. Basi, kama ana moyo wa kulitumia rudio lake la msamaha kwa kumwona ndugu, ni hiari yake, na yeye Mkaguzi atamsindikiza, kwa kuwa mgeni hatembei peke yake siku ya kwanza.

"Twende," alisema Eufrasia.

Wakapita kwenye barabara safi, nyumba zimepakwa rangi nzuri, na mbele ya kila nyumba bustani iliyokauka. Si kukauka kwa jua la mwezi mmoja. Mabua ya mahindi yalisimama kijivu, ukiyagusa yanavunjika. Eufrasia alikulia shambani, hakuweza kunyamaza.

"Bwana Timiza, watu hawa mahindi yao yamekufa."

"Yamemwagiliwa." Akamwonyesha kioo cha simu yake. "Leo saa moja asubuhi. Mtaa mzima."

"Nani ameyamwagilia?"

"Kengele imelia saa moja."

Hapo ndipo alipomweleza, kwa fahari, historia ya nchi yake. Zamani, alisema, simu za Tayari zilikumbusha tu. Zikilia, kunywa maji, mtu anapuuza. Zikilia, mpigie mama yako, mtu anasema nitampigia kesho. Mwisho wa mwaka Baraza likaletewa takwimu: katika yote yaliyokumbushwa, yaliyofanyika yalikuwa asilimia kumi na tisa. Baraza likakaa siku kumi na mbili. Upande mmoja ulitaka watu wafundishwe kutii kengele. Upande wa pili ukauliza swali ambalo watoto wa shule hukariri hadi leo: Kwa nini tunahesabu mwishoni?

"Walikuwa na akili nyingi sana," alisema Bwana Timiza. "Waliona kwamba tukihesabu pale kengele inapolia, tutafika asilimia mia siku hiyo hiyo. Na tulifika siku hiyo hiyo. Watu walikumbatiana barabarani, mama. Babu yangu alinisimulia."

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Walioambiwa wanywe, walikunywa?"

Alimtazama kwa subira. "Nimekwambia asilimia mia."

Sheria ya pili, alisema, ilizaliwa na ya kwanza kama mtoto na mama yake. Ikiwa kengele imelitimiza jambo, basi anayelifanya kwa mikono analifanya mara ya pili. Anaisuta simu. Anachafua hesabu za taifa.

Walipokuwa wakikata kona, Eufrasia alimwona mwanamume mzima amechuchumaa nyuma ya ukuta. Alikuwa amejifunika kitambaa juu ya simu na mifuko yake yote, ameshika kata, anagugumia maji, yanamtiririka kidevuni. Macho yao yalipokutana, mwanamume alijificha uso kama aliyekutwa bila nguo.

"Yule vipi?"

"Yupi?" alisema Bwana Timiza, akakohoa, akatazama upande wa pili. Akapitisha ulimi kwenye midomo yake iliyopasuka.

Saa sita wakafika kwenye nyumba ya sala. Eufrasia alifurahi kuiona, akaharakisha. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na safu za stendi, na juu ya kila stendi simu, imesimama wima ikielekea madhabahu. Wenye simu walikuwa nje kivulini wakilinganisha kava. Kengele ikalia, na simu mia tatu zikasema kwa pamoja: "Ameomba. Tayari." Watu wakaingia, kila mmoja akachukua yake, wakatoka.

Damu ilimpanda Eufrasia kichwani. Aliingia, akapiga magoti kwenye sakafu tupu. Mzee wa zamu akamjia mbio.

"Mama! Umekwisha kuomba! Nimesikia saa yako."

"Umesikia saa. Mimi bado sijasema neno."

"Utamsumbua Mungu mara mbili kwa jambo moja."

"Baba, nimemsumbua miaka hamsini na nane, na hajanifukuza hata siku moja. Nipishe."

Akaomba, sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta kama ya mtu aliye kisimani. Alipoinuka, Bwana Timiza alikuwa mlangoni akiandika. "Rudio la pili," alisema kwa huzuni ya kweli. "Mama, nakusihi. Usiniletee la tatu."

Nyumba ya Apolonia ilikuwa na mlango wa bluu. Waliingia bila kubisha hodi, kwa sababu hodi ilikuwa imekwisha kubishwa.

Kwanza Eufrasia hakumwona mtu. Aliona mwanga. Taa ya duara ilikuwa imewashwa juu ya kitanda, inamulika uso mdogo, mkavu, wenye macho yaliyozama. Stendi ndefu ilikuwa imepindisha shingo, imeshikilia simu mbele ya uso huo. Waya zilishuka kwenye shuka kama mizizi. Mdogo wake alikuwa katikati ya vyote hivyo, mwembamba, anawaka homa.

"Apolonia."

Macho yakageuka taratibu. "Dada? Ni wewe, au ni programu?"

"Ni mimi. Nishike mkono, unisikie."

Mkono ulikuwa kama kaa la moto. Apolonia aliushika wa dada yake, akaubana, na machozi hayakutoka, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kuyatengeneza.

"Mbona umekuja mbali hivi? Mimi nakupigia kila Jumapili. Simu imesema. Jumapili zote, dada, haikuruka hata moja."

"Na mimi nimekupigia kila Jumapili."

Wakatazamana.

Ilikuwa siku ya sita tangu homa imwangushe asiweze kusimama, Apolonia alieleza kwa sauti ya kunong'ona. Kioo kilionyesha kwamba siku hiyo peke yake alikuwa amepata pole mia nne na kumi na mbili, kutoka kwa watu mia nne na kumi na wawili ambao hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti. Mezani, hatua tano kutoka kitandani, palikuwa na mtungi wa maji uliojaa na pakiti ya vidonge ambayo haijafunguliwa. Hatua tano.

"Vidonge hujanywa?"

"Nimekunywa. Asubuhi na jioni. Simu inasema."

"Apolonia! Nakuuliza wewe, siulizi simu. Umemeza?"

Mgonjwa alifikiri sana, kama aliyeulizwa kitu kwa lugha aliyoisahau. "Sijameza," alisema mwishowe. "Dada, nina kiu."

Mlangoni aliingia mwanamke mnene aliyebeba pawabanki mbili, akashtuka kuona watu. Alikuwa Bi Nukuu, jirani. Kumtazama mgonjwa ni marudio ya pole, lakini kuhudumia vifaa vya simu kunaruhusiwa nyakati zote, hivyo kila siku yeye aliingia kubadilisha pawabanki. Eufrasia aliona kwamba chini ya zile pawabanki alikuwa amekunja kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Aliona pia jinsi Bi Nukuu alivyomtazama Mkaguzi na kukisukuma kitambaa ndani ya mkono wa gauni. Akaelewa ni nini kilichomweka mdogo wake hai siku sita.

Saa zote zikatetemeka pamoja. "Apolonia amekunywa glasi ya tano. Tayari."

Eufrasia hakuwa mtu wa hasira. Lakini alisema baadaye kwamba katika dakika ile alijua hasira inavyoanzia miguuni. Akaenda mezani hatua tano, akachukua glasi, akaijaza.

"Mama, weka chini," alisema Bwana Timiza. "Amekunywa sasa hivi, umesikia mwenyewe. Nane kwa siku ndizo zilizopangwa. Hiyo itakuwa ya ziada. Unaweza kumdhuru."

"Nimdhuru kwa maji! Mtazame midomo!"

"Mimi si mtu wa kutazama midomo. Mimi ni Mkaguzi."

"Na yako ipo hivyo hivyo, bwana. Unafikiri sioni?"

Bwana Timiza alifumba mdomo wake. Kisha akanyoosha mkono, akaitwaa ile glasi kabla haijafika kitandani, akaifunika kwa kitambaa cha serikali. "Kielelezo," alisema. "La tatu, mama. Twende kwa Hakimu."

"Siendi bila mgonjwa wangu."

"Hatuwezi kumwacha. Simu yake ndiyo shahidi, nayo imefungwa kwake."

Hivyo Apolonia akabebwa na kitanda chake, watu wanne, kwenda barazani, kwa heshima ya simu yake. Bi Nukuu akafuata nyuma, amebeba pawabanki. Eufrasia alitembea ubavuni mwa kitanda, vidonge amevifumbata mkononi, akiomba: Bwana, nizuie nisiwatukane watu hawa, na ikiwa lazima niwatukane, niwatukane kwa yaliyo kweli.

Baraza lilikuwa limejaa. Habari ya marudio ya mgeni ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa kila simu, na kila simu ilikuwa imekwisha kuhudhuria, lakini watu walikuja vilevile, wakiketi nyuma nyuma kama wasioonekana. Mbele alikaa Hakimu Stakimu, mzee mwenye sauti nzito na uso uliokunjamana kama ngozi iliyosahauliwa juani. Glasi iliwekwa mbele yake, juu ya meza. Kitambaa kikaondolewa. Watu wote waliitazama, kisha wote wakatazama pengine.

"Swali ni fupi," alisema Hakimu. "Mgonjwa amekunywa au hajanywa?"

Bwana Timiza akaisimamisha simu ya Apolonia kwenye stendi ya ushahidi. Simu ikasema, kwa sauti yenyewe ya Apolonia, kwamba katika siku sita amekunywa glasi arobaini na tano, amemeza vidonge kumi na kimoja, ametembelewa na watu elfu mbili na kidogo, na amecheka mara thelathini.

"Ushahidi umekamilika," alisema Hakimu. "Mgeni una neno?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Muulize mwenye mwili."

"Mgonjwa si shahidi. Mgonjwa ana homa. Simu haina homa."

"Haina, ni kweli. Haina homa, haina kiu, wala haina dada. Ndiyo maana haiwezi kushuhudia mambo haya."

Pembeni mtu alicheka kwa bahati mbaya, akajiziba mdomo. Mzee mmoja wa baraza, mwenye pawabanki sita, alisimama akasema kwamba mgeni anaonekana kuchukia maendeleo, na kwamba watu wa aina yake ndio waliowahi kudai mbalamwezi inatosha.

"Babu, shikamoo," alimjibu Eufrasia.

Mzee akatazama saa yake. "Tumekwisha kusalimiana."

"Hatujasalimiana. Na sichukii simu. Simu yangu naipenda, imenisomesha Zaburi kwa macho haya mabovu. Stendi mliyonipa ni nzuri, nitaitumia. Kengele ya dawa ni kitu kizuri sana, kwa mtu ambaye kengele ikilia ananyanyuka! Ninyi mna vyombo vya kuwasaidia kwa kila kitu, na hakuna kinachofanyika. Mahindi yenu yamekufa na mnayahesabu mabichi. Nyumba ya sala mmeijaza stendi. Na huyu," akaweka mkono juu ya kichwa cha Apolonia, "ana mtungi uliojaa ndani ya nyumba yake, na atakufa kwa kiu siku ya sita au ya saba, na siku hiyo simu itasema yu mzima, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyoniambia mimi miezi saba!"

"Punguza sauti," alisema Hakimu.

"Sipunguzi, Mheshimiwa. Mungu anisamehe, sipunguzi."

Hapo ilikuwa saa tisa kamili. Katika nchi nzima ya Tayari, kila kengele ya maji ililia. Barazani simu zilisema kwa pamoja, nyembamba na nzito, za mifukoni na za vifuani, na ya Hakimu juu ya zote: "Amekunywa glasi ya sita. Tayari." Hakuna mtu aliyetikisika. Hakuna kikombe kilichoinuliwa. Kilichosikika baada ya hapo ni mtu mmoja akimeza mate makavu.

Eufrasia akageuka, akawatazama mmoja mmoja.

"Ninyi nyote mnakunywa," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Leo nimemwona mmoja wenu. Mnachuchumaa nyuma ya kuta, mmejifunika vitambaa. Mngekuwa hamnywi kabisa mngekuwa mmekufa zamani, na sheria yenu ingekufa pamoja nanyi. Mnaiishi kwa kuiibia. Mwenye miguu anakwenda nyuma ya ukuta. Asiye na miguu je? Mtu anapougua kati yenu, si mnajua atakavyokufa? Mnajua! Kila mmoja wenu anajua, kisha anatuma pole."

Bi Nukuu alianza kulia, bila sauti. Bwana Timiza alikuwa ameinamisha kichwa, anafungua na kufunga mfuko mmoja wa kizibao chake.

"Mkaguzi," alisema Hakimu, "mgeni anadai ameona. Wewe ulikuwa naye. Umeona?"

Bwana Timiza aliufunga mfuko. "Nilitazama upande wa pili, Mheshimiwa," alisema.

"Kulikuwa na nini upande wa pili?"

"Hakukuwa na kitu."

Eufrasia hakungoja zaidi. Alisogea mezani, akachukua kielelezo. Askari mmoja aliinua mkono, akaangalia simu yake kuona kama amekwisha kumzuia, na simu ikamwambia tayari, basi akaushusha. Eufrasia alikwenda kwenye kitanda. Alizima taa ya duara. Alitoa spika masikioni mwa mdogo wake, akasukuma stendi pembeni, akapitisha mkono wake wa kushoto chini ya shingo iliyokuwa ikiwaka moto, kama alivyoipitisha Apolonia alipokuwa mtoto wa miaka minne na surua.

"Fungua mdomo. Kidonge kwanza. Haya. Sasa maji. Polepole."

Apolonia akanywa.

Baraza lote lilisikia. Si sauti kubwa, koo la mtu likipokea maji, lakini hapo hapakuwa na sauti nyingine. Funda la kwanza. La pili. Mgonjwa alikohoa, akapumzika, akashika glasi kwa mikono yake yote miwili, akanywa tena, na tone moja lilipotoroka kidevuni Eufrasia alilizuia kwa kidole na kulirudisha.

Simu kwenye stendi ya ushahidi haikusema kitu. Saa ya kengele haikuwa imefika.

"Mheshimiwa," aliita Bwana Timiza, "niandike nini?"

Hakimu Stakimu alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake, mikono mezani, waya zake zimenyooka hadi mwisho wa urefu wake. Hakuwa akimtazama mgeni wala mgonjwa. Alikuwa akiitazama glasi.

"Imebaki?" aliuliza.

Palikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na hakuna aliyejifanya hakusikia.

"Hii ni ya mgonjwa," alisema Eufrasia. "Kuna mtungi pale uani kwenu, nimeuona nikiingia. Nenda kachote, Mheshimiwa. Mbele za watu."

Mzee alisita. Akaanza kuchomoa waya, mmoja mmoja, na ule wa mwisho ulipokataa kutoka, Bi Nukuu alipanda jukwaani bila kuitwa, akaweka pawabanki zake chini, akamsaidia.

Kitandani Apolonia alikuwa amemaliza. Alimrudishia dada yake glasi tupu, na kwa sauti iliyokuwa imeanza kufanana na ya mtu, akasema, "Niongeze."